"Mke wangu akifika shamba haketi"

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 61, nimestaafu kazi ya bandarini hapa Tanga. Mimi na mke wangu tuna nyumba ya shamba upande wa Muheza aliyoniachia marehemu mama: minazi, michungwa na kipande cha kulima mahindi. Nilipokuwa kazini nilimwahidi kuwa nikistaafu tutakwenda kule kila wiki tukapumzike, tunywe madafu, tuongee. Sasa tunakwenda kila Ijumaa, lakini mwenzangu hajui kukaa. Tukishuka tu kwenye gari keshavua viatu, kajifunga kanga kiunoni, kashika jembe. Masika haya ndiyo kazidi. Mimi nasimamia, namwita aje tunywe chai, ananijibu mvua haimngoji mtu. Usiku anasinzia na sahani mkononi. Nimeanza kuhisi ananikimbia, kwamba baada ya miaka 30 hana la kuongea na mimi. Nilipomwambia basi tuuze shamba, akalia. Nifanyeje? Mstaafu, Chumbageni.*

Marahaba, kaka yangu. Kwa umri wako huo na mimi huu, wala siulizi nani alipaswa kumwamkia mwenzake.

Tuanze na hiyo hofu yako, maana majibu yake umeyaandika mwenyewe bila kujua. Mwanamke anayekukimbia angefurahi kusikia shamba linauzwa. Huyu alilia. Kule kuna kitu chake, na ndicho hujakitazama.

Lile ni shamba la mama yako. Wewe umezaliwa pale, hata nyasi zikifika dirishani utabaki kuwa mtoto wa nyumbani. Atakayesemwa ni mkeo. Watasema tangu bibi afariki shamba limekuwa pori, mke wa fulani mvivu. Na wifi zake wanapokuja kuchukua machungwa yao, unadhani wanaanza kutazama nini? Wanatazama uwanja kama umefagiwa. Hayo hujawahi kuyasikia kwa sababu hayasemwi mbele yako.

Halafu mvua. Mwenzio hasingizii. Masika yetu ni Machi mpaka Mei, na mahindi yakishachomoza palizi ya kwanza inatakiwa ndani ya wiki mbili au tatu. Ukichelewa, utavuna mabua. Sasa mtu ana Jumamosi na Jumapili tu, magugu yana wiki nzima, na mume yuko upenuni "anasimamia". Unasimamia nini, kaka?

Sikuambii ukalime kama kijana. Tafuteni kibarua wa palizi, mpatane kwa ngwe na bei kabla hajaanza, na fedha itoke kwenye pensheni yako. Ila muulize kwanza mkeo kazi ipi hataki kuachia. Wapo wanawake ambao jembe ndilo pumziko lao, na ukimletea vibarua wa kila kitu utakuwa umemnyang'anya. Akikwambia mboga zake asiguse mtu, usiguse.

Wewe chukua ukaguzi wa viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017. Ni kazi ya asubuhi na haivunji mgongo. Unapita mahindi mstari kwa mstari, unafunua majani machanga ya katikati. Ukiona matundu na uchafu kama vumbi la mbao, kiwavi yumo. Usoni ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa. Mtoe, mminye. Ukimaliza hapo pitia michungwa, ukate vichipukizi vinavyoota chini ya pale mche ulipounganishwa. Miche mingi imebebeshwa kwenye shina la limao, kwa hiyo ukiviacha ipo siku utachuma malimao kwenye mchungwa. (Wanaume hupenda kazi yenye kisu, sijui kwa nini.)

Na chai usimwitie. Mpelekee. Chupa, vikombe viwili, muhogo wa kuchemsha, ukae naye palepale pembezoni mwa matuta. Ataongea. Watu waliozoea kazi huongea mikono ikiwa na shughuli. Ukimkalisha kwenye kiti umtazame usoni, hata mimi ningekosa la kusema. Jumamosi moja pika wewe. Bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa ng'onda, samaki wa kukaushwa, havihitaji kusomea.

Pumziko unalolitaka lipo hata masika, ila huja na mvua yenyewe. Ikishuka ile ya kufunga mlango, hakuna anayepalilia, udongo unanata kwenye jembe. Hapo mkeo ni wako. Lakini kama makuti ya upenu yameoza, saa hiyo ataimaliza akihamisha ndoo na masufuria kukinga matone. Kwa hiyo ezeka. Ukiweza kungoja kipupwe, mwezi wa Juni au Julai njia ikishakauka, mchukue siku moja mpande Amani, kule milima ya Usambara, mkatembee chini ya ile miti iliyopandwa tangu Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Majembe yabaki nyumbani, na ndugu pia.

Nimebakiza lile la kuuza. Lifute, na umwambie kwa mdomo kwamba umelifuta, usimwachie akisie. Kisha jiulize: miaka yote hii anapalilia ardhi iliyoandikwa jina la nani? Je, mirathi ya mama ilifungwa, au shamba bado ni la wote wewe na dada zako? Ukitangulia wewe, mkeo atakaa pale kwa kauli ya nani? Mimi nadhani hicho ndicho kilichomliza, kwamba kwa neno lako moja miaka yake 30 ingeweza kupewa mnunuzi.

Kama mirathi haijafungwa, kaeni kikao cha familia, mteue msimamizi, athibitishwe mahakama ya mwanzo. Dada zako wapate haki yao waziwazi, hata machungwa yatagawanywa bila minong'ono. Kipande kitakachokuwa chako, kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawaruhusu mke na mume kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yenu wawili. Siku ya kwenda ofisi ya kijiji nenda naye, avae viatu vyake vizuri, na mkifika mwenyekiti akauliza jina la pili liandikwe nani, mwachie alitaje mwenyewe.