Jenerali Wangu Amekuwa Mwoga

SWALI: Shikamoo kaka. Nacheza Rome: Total War, gemu ya vita vya Roma ya kale, kwenye kibanda cha gemu hapa Mbagala Rangi Tatu. Jenerali wangu kapata sifa ya uoga. Je, ni kwa sababu narudi nyuma mara kwa mara?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuondoka ni kitu kimoja, kutimuliwa ni kingine kabisa. Kwenye ramani kubwa, ambako majeshi husogezwa kwa zamu, ukishambuliwa unaweza kuliondoa jeshi kabla ya vita. Fanya hivyo bila aibu, askari wazoefu hawapatikani kirahisi. Ila ni mara moja tu: adui akikufuata tena zamu hiyohiyo, lazima upigane.

Kinachomharibu zaidi jenerali ni kukimbia mapigano yakiwa yamepamba moto. Uoga ukimkolea, unashusha ari ya askari anaowaongoza, kwa hiyo vita vinavyofuata wanavunjika moyo na kukimbia mapema zaidi. Inaniuma sana kuona kijana wa ukoo unaouongoza akiharibiwa hivyo! Usimsukume mbele ya mikuki. Mzungushe na farasi wake ampige adui ubavuni, adui akiwa ameshashikwa na askari wa miguu. Huyo aliyekwisha kuwa mwoga, mpe mji autawale, jeshi mkabidhi mwingine.