Tiketi mbili, begi moja: nani anilipe?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Masasi, nasoma Pune, India, mwaka wa pili. Julai hii nilikuja likizo, mdogo wangu alikuwa anatoka jandoni. Tiketi ya Mumbai hadi Dar nilinunua shirika moja, kwa kubadilisha ndege kwenye mji mmoja wa Ghuba. Ya Dar–Mtwara, kwenda na kurudi, nikanunua shirika jingine kwa kuwa bei ilikuwa nafuu. Siku ya safari Mumbai ikapiga mvua kubwa, ndege ikachelewa saa nne, ya pili ikaniacha. Badala ya kufika Dar tarehe 2 saa nane mchana, nimefika tarehe 3. Ndege ya Mtwara ilishaondoka jana yake saa kumi na moja jioni, nikapanda basi. Begi halikuja. Tarehe 11 wakanipigia kwamba limefika Dar, binamu yangu akalichukua tarehe 13 akalituma kwa basi, nikalipata tarehe 14, gurudumu limeng'oka na mpini umevunjika. Tarehe 24 nafika uwanja wa ndege Mtwara nirudi chuo, naambiwa tiketi yangu ilishafutwa! Nikanunua nyingine kwa bei ya siku hiyohiyo. Nani ananilipa hiyo ya pili? Kwa nini wafute ya kurudi na hela nimelipa? Na begi je? Rafiki yangu anayesoma Ujerumani alicheleweshwa akapewa yuro 600, anasema na mimi nidai hizohizo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Ujumbe wako niliupata tarehe 27 na nikakupigia siku ileile, kwa sababu humo ndani kulikuwa na jambo lisiloweza kulala. Nalirudia hapa kwa faida ya wenzako, maana siku hizi kila nyumba ya huku Kusini ina mtoto aliye nje.

Jambo lenyewe ni begi. Umeliuliza karibu na mwisho, kumbe ndilo lenye saa inayokwenda. Safari yako ya Mumbai–Dar inaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania na India zote zimo. Mkataba huo unatoa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kama begi limeharibika, tangu ulipolipokea, na siku 21 kama limechelewa, tangu lilipowekwa tayari mikononi mwako. Zikipita, umefunga mlango mwenyewe.

Tuhesabu. Uharibifu: binamu yako alilipokea tarehe 13, akasaini, hakusema kitu. Siku 7 zimekwisha tarehe 20, wewe bado uko Masasi unakula ubwabwa wa jandoni. Gurudumu na mpini vihesabu vimekwenda. Viandike kwenye barua, wakikataa hujapungukiwa, ila usivitegemee. Kuchelewa: wewe ulikuwa unahesabu kuanzia tarehe 14, siku begi lilipofika Masasi. Wao watahesabu tarehe 11, siku waliyokupigia uje uchukue. Ukiwa mdai, hesabu ile inayokubana zaidi. Siku 21 tangu tarehe 11 zinaishia tarehe 1 Agosti, ndiyo maana nilikukatisha usingizi.

Uliniambia ulijaza fomu pale Dar kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo, ile wanayoiita PIR. Vizuri sana, wengi hutoka nje kwanza kusalimia ndugu, kurudi ndani hawaruhusiwi. Lakini fomu hiyo kazi yake ni kulitafuta begi. Kudai ni barua nyingine, kwa baruapepe au kwenye ukurasa wa madai wa shirika, ukitaja namba ya fomu (herufi tano kisha tarakimu tano, zinaanza na DAR), namba ya tagi ya begi, na unachodai kwa fedha. Hifadhi ushahidi: piga picha ya ukurasa baada ya kutuma.

Unadai nini? Ulivyolazimika kununua kwa sababu begi halipo: nguo ya kuvaa siku ya sherehe, sabuni, mswaki, chaja. Nauli ya binamu kwenda uwanja wa ndege. Gharama ya kusafirisha begi kwa basi. Risiti za EFD ndizo zinazosomeka kwao. Shati la mtumba la mnadani halina risiti, basi andika tarehe, mahali na bei, wakubali au wakatae. Wala usiongeze. Kikomo cha fidia ya mzigo tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria (kabla ya hapo ilikuwa 1,288). SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na hiyo ni kama dola 2,000 za Marekani. Vijana wakisikia hivyo huandika barua ya dola 2,000. Hicho ni kikomo, mwanangu, kama ukingo wa ndoo. Utalipwa maji yaliyomo.

Sasa tiketi. Hapa nitakaa, kwa sababu kila Julai na kila Desemba kisa hiki kinaingia ofisini kwangu, ninakokatia watu tiketi, na sura mpya.

Wewe unaona safari moja: Mumbai, Ghuba, Dar, Mtwara. Mashirika yanaona mikataba miwili isiyojuana. Shirika la kwanza liliahidi kukufikisha Dar. Lilikufikisha siku moja baadaye, na ndege ya Ghuba ilipokuacha lilikupa nyingine bila kukutoza, kwa kuwa vipande vile viwili vilikuwa kwenye tiketi moja. Shirika la pili liliahidi kiti Dar–Mtwara tarehe 2. Kiti kilikuwepo, ndege ikaondoka, wewe hukuonekana. Halijui kama ulikuwa Ghuba au ulikuwa Kariakoo unanunua viatu.

Unajuaje kama una tiketi moja au mbili? Usitazame karatasi. Kuna mitandao ya kuuza tiketi inakupa karatasi moja, rangi nzuri, safari zote zimepangwa, kumbe ndani ni tiketi mbili. Hata ile namba ya bukingi yenye herufi na tarakimu sita haitoshi. Tazama namba ya tiketi yenyewe: ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni utambulisho wa shirika lililoitoa. Ukikuta namba mbili zinazoanza tofauti, una mikataba miwili. Tiketi moja inaweza kubeba ndege za mashirika mawili yaliyokubaliana, na hiyo ndiyo unayoitaka. Dalili nyingine ni tagi ya begi. Yako ilisomeka DAR. Alama ya uwanja wa Mtwara ni MYW. Tagi ikiishia DAR, ahadi ya mzigo nayo inaishia hapo.

Na hii ya kurudi iliyofutwa? Tiketi ya kwenda na kurudi ni vipande vinavyotumika kwa mpangilio, cha kwanza kwanza. Usipotokea kwenye cha kwanza bila taarifa, mfumo unakuandika hukutokea na kufuta vinavyofuata. Hakuna mtu aliyekaa akakuonea. Mimi binafsi sheria hii siipendi, kwa sababu kiti cha kurudi kimelipiwa na shirika linakiuza mara ya pili, lakini imo kwenye masharti uliyoyapigia alama ya kukubali bila kusoma, kama tunavyofanya sote. Ulichokuwa nacho ni muda: ulijua ukiwa Ghuba kwamba Mtwara hutaiwahi, na uwanja una intaneti ya bure. Ujumbe mmoja kabla ndege haijaondoka Dar, "sitawahi, naomba mbadilishe tarehe au mniachie ya kurudi", ungekugharimu faini ya kubadilisha tu. Dakika moja baada ya ndege kuondoka, ujumbe huohuo hauna thamani.

Nani anakulipa basi? Shirika la ndani huwezi kulidai kitu kwa nauli. Waandikie uombe kodi na tozo za uwanja wa ndege ambazo hukuzitumia, mashirika mengi huzirudisha hata kwa tiketi isiyorudishwa nauli. Ni fedha kidogo, ila ni zako. Shirika la nje unaweza kulidai tiketi ya ndani kama hasara iliyotokana na kuchelewa, Mkataba unaruhusu, na una miaka 2 ya kwenda mahakamani. Litajibu kwamba ilikuwa mvua na kwamba lilifanya kila lililowezekana. Mumbai kuanzia Juni hadi Septemba ni msimu wake wa mvua, na hali ya hewa ni kinga ngumu kuivunja. Dai, ila usiinunulie kitu hela hiyo. Kama chuo kilikukatia bima ya safari, isome. Baadhi zinalipa kukosa ndege ya kuunganisha.

Yuro 600 za rafiki yako ni sheria ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Inamhusu anayeondoka Ulaya kwa ndege yoyote, au anayeingia Ulaya kwa shirika la Ulaya. Mumbai–Ghuba–Dar haimo. Na hata kwao, mvua ya kuzuia ndege haina yuro 600.

Mwakani fanya hivi. Ulizia kwanza tiketi moja hadi MYW, ukalinganishe tofauti ya bei na hasara ya mwaka huu. Ikikushinda, ya ndani nunua ya kwenda peke yake na ya kurudi peke yake, hasa pale bei zinapolingana, ili ukikosa moja isiiue nyingine. Na lala Dar usiku mmoja. Saa tatu ulizojiachia, ukitoa uhamiaji, begi, forodha na kuhama kutoka Jengo la 3 kwenda Jengo la 2, ni kubahatisha hata siku ya jua. Wakati wa kurudi ndiyo zaidi. Kutoka Mtwara hadi Dar kwa barabara ni kilomita 560 hivi, na usiniambie basi halikosei: Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, Kilwa, watu walikwama na tiketi zao za nje mfukoni.

Vyeti, laptopu na dawa ni vya mkononi. Mimi mwenyewe, kabla sijaanza kukata tiketi, niliwahi kutupa tagi ya begi langu kwenye pipa la uwanja nikidhani ni takataka. Begi lilikaa siku tano mji ambao sijawahi kufika.

Na zile kilo mbili za korosho ulizoniuliza kwenye simu, ukiruhusiwa kuzipitisha, nazo ziwe mkononi. Zikikaa begini siku nane zinalegea. Ila wenyeji wako wa India usiwaringie sana: korosho ghafi zetu nyingi zinapanda meli kwenda kubanguliwa hukohuko kwao, na huenda ulizonunua dukani Pune mwaka jana zilitoka Masasi.