Filta ya polaraiza kwenye picha za saa ya mkononi

Filta ya polaraiza, ile unayoivalisha mbele ya lenzi na kuizungusha, inaondoa mng'ao wa kioo cha saa ndio, ila sio ukipiga saa ikiwa imekutazama moja kwa moja, hapo utazungusha filta mpaka uchoke na hakuna kitakachobadilika. Mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo hupolaraizwa vizuri (yaani mawimbi yake hutetemeka upande mmoja, ndo filta inaweza kuyazuia) ukiwa umeinama, kioo cha kawaida ni kama digrii 56 ukipima kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya kioo, cha safaya (kile kigumu kisichochubuka kirahisi) ni kama 60, kwa hiyo laza saa kidogo ndo uanze kuzungusha taratibu huku unaangalia skrini ya kamera. Kwenye chuma usitegemee kitu, kesi na mkanda wa stili vitaendelea kung'aa vilevile, hapo dawa ni kulainisha taa kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi, na mimi kusema kweli naanzaga na hiyo kabla hata ya kugusa filta. Halafu filta inakula mwanga, stopu moja hadi mbili (kila stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), weka traipodi. Kama saa ni ya dijitali kuwa makini, skrini yake ina polaraiza ndani tayari, ukizungusha vibaya namba zinapotea kioo kinakuwa cheusi tii.