Kabla ya Kulipia Programu ya BIM, Ijaribu kwa Ukuta Mmoja

Wasanifu wengi wa Kampala huchagua programu ya BIM, yaani ya kuchora jengo kwa modeli yenye vipimo na kiasi cha vifaa, kwa uzuri wa picha zake. Picha humfurahisha mteja, lakini kazi hukwama faili inapofika kwa mhandisi na mkadiriaji. Anzia kwao: wanatumia programu gani, toleo la mwaka gani? Faili ya Revit 2025, mojawapo ya programu hizo, haifunguki kwenye Revit 2023, wala huwezi kuihifadhi kwa toleo la nyuma. Mwenye kompyuta ya Mac ajue kwamba Revit ni ya Windows tu. Archicad, programu nyingine ya BIM, hufanya kazi kote kuwili. Asiye na fedha ya leseni aitazame FreeCAD, ya bure, ambayo tangu toleo la 1.0 la 2024 ina sehemu ya BIM ndani yake.

Revit na Archicad hutoa kipindi cha majaribio. Chora ukuta wa urefu wa mita 5, kimo mita 3, unene milimita 200, wenye mlango wa mita 0.9 kwa 2.1. Utoe kwa IFC, muundo wa faili unaosomwa na programu tofauti za BIM, mkadiriaji aufungue kwake. Ujazo halisi ni mita za ujazo 2.62. Akisoma 3.00, mlango haukuondolewa kwenye hesabu, na kosa hilo litajirudia kwenye kila mlango na dirisha la nyumba nzima.

Jaribu pia slabu ya maksipani, yaani ya matofali ya udongo yenye uwazi yaliyopangwa kati ya mbavu za zege. Ukiichora kama bamba zima, programu inahesabu zege hata palipo na tofali la udongo lenye uwazi, na makadirio ya saruji yanapanda bure. Mbavu na maksipani zichorwe kama vipande vinavyojirudia.

Jaribio linaloangusha wengi ni ramani ya mpimaji. Kwa UTM, mfumo wa kupima mahali kwa mita ambao wapimaji hutumia, Kampala iko takriban mita 453,000 upande wa mashariki. Ramani ikiingia Revit na majiranukta hayo (namba za mahali) kama yalivyo, jengo linakaa mamia ya kilomita kutoka kitovu cha programu, mahali inapoanza kuhesabu: mistari inacheza, vipimo havishiki. Iingize kwa chaguo la katikati kwa katikati (Center to Center), ndipo uiagize programu ichukue majiranukta ya kiwanja.

RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) iwe GB 16 angalau. 32 ndiyo inayofaa kazi ya ghorofa. Na kwa kuwa umeme hukatika, nunua UPS (betri ya kuendeleza kompyuta umeme ukikatika) pamoja na leseni. Revit hukukumbusha kuhifadhi, haihifadhi yenyewe. Weka ukumbusho wa kila dakika 15 na uutii.