Hela ya mgahawa tulivyoigeuza nauli

Swali lenu la wiki, kwamba wanawake tukikutana kula na kuchangishana hela ya matibabu ya wenzetu walioko mbali ni msaada kweli au sherehe tu, limenigusa sana. Mi nipo Houston mwaka wa tisa sasa, natunza wazee.

Nilialikwa na dada mmoja Mmarekani tunayefanya naye zamu, akasema njoo na chakula chochote cha kwenu, alafu ile hela ambayo ungekula mgahawani usiku huo unaiweka kwenye kikapu. Basi. Mtindo huo Marsha Wallace aliuanza Greenville, South Carolina, mwaka 2003, akawaita marafiki nyumbani kila mtu na chungu chake, kikaja kuwa chama kikubwa cha Dining for Women, siku hizi kinaitwa Together Women Rise. Siku niliyoenda mi walikuwa wanaongelea fistula. Chakula kilinishinda.

Mama yangu mdogo alipata fistula uzazi wa kwanza, kijijini Singida, siku tatu za uchungu mtoto kakwama, kufikishwa hospitali mtoto keshafariki. Kichwa kikibana muda mrefu hivyo, nyama ya kati ya kibofu na uke inakosa damu inakufa, panabaki tundu, mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Watu wakasema karogwa, mume akamrudisha kwao. Sisi watoto ndo tulikuwa tunampelekea sahani yake nyuma ya nyumba maana jamvini na wenzake hakai, na wala hakuna aliyemfukuza, alikuwa anajitenga mwenyewe kwa aibu ya harufu. Miaka 14.

Na matibabu yalikuwepo jamani! Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar, wanafanya upasuaji wa fistula bure, ila Singida mpaka Dar ni nauli, na mtu anayevuja mkojo anapandaje basi la kutwa nzima? Mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa, kuna mabalozi huko vijijini, balozi akimpata mgonjwa hela inaingia kwenye simu yake anamkatia tiketi. Mama mdogo alienda hivyo 2012, akarudi mkavu. Kwa hiyo anayesema dola 20 za kwenye kikapu ni za kujifurahisha, hajawahi kuona mtu amekaa na ugonjwa unaotibika kwa sababu ya tiketi ya basi.

Nikalipeleka wazo kwenye upatu wetu wa Watanzania na Wakenya. Mmoja akauliza kwa nini tusitume tu kwa simu kila mtu akiwa kwake, kupika kwa nini. Tukajaribu miezi miwili, hela ikaja kidogo sana na hakuna hata aliyeuliza fistula ni nini. Tulipokaa chini na pilau ndo maswali yakaanza, mwenzetu ambaye ni nesi akaeleza bila kuficha neno, na dada mmoja akatoka nje usiku uleule kupiga simu kwao kumuulizia jirani ambaye amejifungia ndani miaka. Hiyo kutuma kwa simu isingeleta.

Sherehe tu inakuwa pale sare zinapoingia. Sisi sare tulikataa kabisa, kitenge na fundi vinamaliza mchango kabla kikapu hakijapita, na ukumbi hatukodi, tunakaa sebuleni kwa mtu, risiti inasomwa mbele ya wote. Mwezi wa tano tunakutana tena karibu na tarehe 23, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula.

Baada ya ile ya kwanza nilimpigia mama mdogo nikamwambia wanawake wamekaa huku kwa ajili ya ugonjwa ule. Akanyamaza, alafu akauliza mmepika nini. Nikamtajia vyote mpaka kachumbari.

"Na mmekula wote pamoja?"

Nikamwambia ndiyo mama, sinia moja.