Mwalimu, pima saa za mtoto kabla ya kumpa homwaki

Mtoto wa Lamu akitoka shule alasiri, siku yake bado. Anavua sare, anakula, anashika njia ya chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani. Akirudi, magharibi imeshaadhiniwa. Hapo kuna wa kutumwa dukani, kuna wa kumtafutia punda majani, na binti mara nyingi ana mdogo wa kubembeleza. Mpe mtoto huyo maswali ishirini ya hesabu, na kesho utasahihisha kazi ya mtu mwingine: itanakiliwa asubuhi, daftari gotini, kengele ikikaribia kulia.

Mimi hutoa maswali matatu tu, na la kwanza tunalianza darasani kabla ya kipindi kwisha. Anayekwama hukwama mbele yangu, nami namwona. Mwezi wa Ramadhani hata hayo matatu nayapunguza.

Ila uchache peke yake hauzuii kunakili. Swali likiwa na jawabu moja kwa darasa zima, jawabu hilo litazunguka, na siku hizi linazunguka hata kwa simu ya mama. Kwa hiyo katika mada ya ujazo niliwaambia: kapime baraza ya kwenu, ile ya kukalia nje ya mlango, urefu, upana na kimo, kisha tafuta ujazo wake. Mji wetu hauna uhaba wa baraza. Walipoleta kazi, wawili wa mitaa tofauti walikuwa na vipimo sawa hadi sentimita ya mwisho. Nilipouliza, mmoja akajibu bila kupepesa macho, "Mwalimu, sisi twaketi baraza moja." Darasa likacheka, na kazi ikarudiwa.

Mwingine alileta jawabu kwa dhiraa na shibiri. Nyumbani hakukuwa na rula, babu yake ndiye aliyempimia. Usimkatie alama mtoto kama huyo! Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, toka gumba hadi kidole cha mwisho; dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya vidole, ni shibiri mbili, na pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ni dhiraa nne. Tulitumia kipindi kizima kupima dawati kwa shibiri zetu, na kila mkono ukatoa idadi yake. Somo la kwa nini dunia inahitaji vipimo vya aina moja likajifundisha lenyewe.

Kazi ya vikundi ina ugonjwa wake. Waweke watoto wanane kwenye meza moja, utaona mmoja ameshika kalamu, mmoja anatoa amri, waliobaki wanatazama bahari. Wasichana wataachiwa kuandika, wavulana watakimbilia kukata na kugonga. Mimi sivuki wanne, na kila mtu ana kazi yenye jina.

Chukua kichujio cha maji. Maji ya mji wetu yanatoka visima vya Shela, kijiji jirani, kwenye vilima vya mchanga, kwa hiyo mada hii wanaielewa upesi. Mmoja anakata chupa ya plastiki na kuziba mdomo wake kwa pamba. Wa pili anaosha mchanga na changarawe, tena aoshe sawasawa, kwani mchanga mchafu hutoa maji yenye tope kuliko yaliyomiminwa. Wa tatu anaponda makaa. Wa nne anapima muda na kuandika. (Na wote waambiwe: maji hayo hayanywewi mpaka yachemshwe.)

Siku ya kuwasilisha napiga kura ya majina, na ambaye jina lake limetoka anaeleza kazi ya mwenzake, si yake. Aliyeponda makaa aniambie kwa nini mchanga ulioshwa. Wakishajua hivyo, wanafundishana wenyewe, hata njiani kwenda chuoni. Alama nagawa nusu kwa kikundi, nusu kwa mtu binafsi. Vifaa viwe vya bure: boksi la duka, chupa tupu, kalenda ya mwaka jana iliyogeuzwa upande wa pili. Mzazi asikope kwa ajili ya karatasi ya manila.

Ukiletewa mashtaka kwamba fulani hafanyi kitu, uliza kwanza alipewa kazi gani. Aghalabu hakupewa yoyote, kiongozi wa kikundi ameikumbatia yote kwa kuogopa kuharibiwa. Huyo kiongozi ndiye wa kusemwa naye, tena faraghani. Ikiwa kweli mtu amegoma, namkalisha mapumzikoni afanye kichujio chake peke yake, mchanga aoshe yeye, makaa aponde yeye. Kabla chupa haijajaa huwa ameshaomba kurudi kwa wenzake, nami humruhusu.