Klabu ya vijana na somo la haki: tulianzia kwenye boti

Mkuu uliyeuliza vitabu na video za kufundishia haki na kazi ya asasi za kiraia, kwa klabu yako ya Sengerema yenye kidato cha pili na walioishia darasa la saba: nimekaa na klabu kama hiyo Ukerewe miaka minne, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Mwanzoni nilipewa mwongozo mnene wenye picha nzuri, umetafsiriwa kutoka nje. Wiki ya kwanza walikuja ishirini na wanane, ya tatu wakabaki sita. Uvivu haukuwepo. Wengi usiku wanavua dagaa kwa taa, mchana ndiyo saa yao ya kulala au kuanika. Anayekuachia saa mbili za usingizi wake anastahili umpe jambo linalomgusa.

Kwetu jambo hilo ni safari za majini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikikaribia Bwisya kwenye kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 220. Baadhi ya vijana wangu walizika ndugu. Wazazi wao nao wanaikumbuka meli ya MV Bukoba, iliyozama Mei 1996. Nikaweka mwongozo pembeni, nikawaambia Jumamosi tunapanda boti ya abiria, kila mtu na daftari lake, tunahesabu.

Binti mmoja wa kidato cha pili alihesabu watu, hata watoto wa mgongoni: 46. Majaketi ya kuokolea yalikuwa 17, yamefungwa kamba moja chini ya magunia ya dagaa. Tulipofika na watu kushuka, akamwomba nahodha ruhusa ajaribu kutoa moja, wenzake wakihesabu sekunde kwa sauti. Fundo lilikuwa limekauka kwa maji na jua, akalifungua kwa meno. Walifika 110 ndipo jaketi likatoka. Hakuna aliyesema neno.

Namba hiyo ilitufundisha mwezi mzima. Nani anahusika? Mwenye boti, BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, yaani pale boti zinapotia nanga), serikali ya kijiji, na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Tuna haki ya kuuliza? Hapo ndipo nikatoa Katiba ya 1977, kurasa mbili tu, ibara ya 18 inayozungumzia uhuru wa maoni na haki ya kupewa taarifa. Kwa walio chini ya miaka 18 nikaongeza Sheria ya Mtoto ya 2009, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Waliisoma kwa pupa kwa sababu walikuwa na shida nayo.

Barua ya kupeleka ombi letu kwa wahusika hao waliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya matusi, tukaichana. Ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa: tarehe, hesabu, ombi moja. Wafundishe pia kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana bila huo utaambiwa barua haikufika.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu, ni wa wenye miaka 18 na kuendelea. Tulimwona mwenyekiti mapema, akawapa nafasi kwenye mengineyo. Mzee mmoja akasema watoto wanafundishwa kubishana na wakubwa. Yule binti akapiga goti: "Shikamoo babu. Hatubishani. Tunaomba magunia yakae nyuma, majaketi yaning'inizwe juu, basi." Siku hizi kwenye boti ile yananing'inia juu. Bado hayatoshi abiria wote, na vijana hawajaacha kufuatilia.

Kuhusu ulichouliza hasa: Katiba kwa Kiswahili ipo bure mtandaoni, chapisha ibara unazohitaji tu. Vijitabu vya HakiElimu, asasi ya kiraia inayotetea elimu, ni vyepesi na vina katuni. Taarifa ya mapato na matumizi kwenye ubao wa kijiji ni kitabu tosha. Kama haijabandikwa, hilo lenyewe ni somo. Kwa walio nje ya shule, tumia kama somo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wafuatilie mkopo unaombwaje hadi ofisini. Video mimi sikuzitegemea, umeme na bando vinakatisha tamaa.

Naomba sana: mwone mkuu wa shule, mtendaji na wazazi kabla ya chochote, siasa za vyama ziache nje, na usimtume mtoto peke yake kupeleka malalamiko. Kwenda na kurudi, uwe naye.

Jumatatu nikivuka kwenda Mwanza nitapiga picha ile barua, nifiche majina, niiweke hapa uione ilivyokaa.